MAGARI MADOGO YA TURBO: Injini ikaguliwe kabla ya fedha kutolewa

Gari dogo la petroli lenye turbo linaweza kuleta faida nzuri au kumeza mtaji wote, na tofauti hiyo haionekani kwenye rangi, viti wala saa ya kilomita. Imo ndani ya injini. Mnunuzi anayelipa kwanza na kumwita fundi baadaye amenunua injini asiyoijua, na gharama ya kuifahamu ataibeba peke yake.

Magari ya aina hii, hasa Volkswagen Golf na Polo zenye injini za TSI zilizotumika Japan, yamepata nafasi katika yadi za Dar es Salaam na Nairobi kando ya Toyota zilizozoeleka. Sababu za kupendwa kwake zinaeleweka. Injini ya Golf ya lita 1.4 yenye turbo moja hutoa nguvu farasi 122 na msokoto wa Nm 200, kiwango ambacho injini isiyo na turbo hukifikia ikiwa na ukubwa wa karibu lita 2. Aidha, nchini Tanzania ushuru wa bidhaa kwa magari madogo hupangwa kwa ukubwa wa injini, na mipaka yake ni cc 1000 na cc 2000. Mwagizaji anapata gari lenye mbio za injini kubwa na kulipia ushuru wa injini ndogo.

Hata hivyo, nguvu hiyo haipatikani bure. Turbo huzungushwa na moshi wa injini wenye joto kali, na mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kinachouzuia usiungue ni utando mwembamba wa oili. Pistoni ndogo hubeba shinikizo la injini kubwa. Dereva anayechelewesha kubadili oili ya Toyota IST, ambayo injini yake ya lita 1.5 haina turbo, anaweza kusamehewa kwa muda mrefu. Dereva wa injini ya turbo hasamehewi, na deni lake huhamia kwa mnunuzi anayefuata.

Hesabu ya gari moja

Kwa mfanyabiashara mwenye mtaji mkubwa, gari moja bovu kati ya 20 ni hasara ya kawaida. Kwa mwekezaji mdogo aliyeweka akiba yake yote katika gari moja ili aliuze au aliingize kwenye biashara ya teksi, gari hilo moja ndiyo biashara yote.

Chukua mfano wa mtu anayenunua gari akitarajia faida ya Sh. milioni 2. Baada ya wiki mbili injini inanoki. Atalazimika kutafuta injini nyingine iliyotumika, kulipa fundi, kununua oili, gasketi na maji ya rejeta, na gari litakaa gereji bila kuingiza senti. Ikiwa gharama hizo zitafika Sh. milioni 5, faida ya gari hilo na ya linalofuata haitatosha kuziba pengo. Kinyume chake, kumlipa fundi nusu siku na kukodi mashine ya kusomea kompyuta ya gari ni sehemu ndogo sana ya faida iliyotarajiwa. Ukaguzi ndiyo bima ya bei nafuu kuliko zote katika biashara hii.

Jua injini kabla ya kwenda yadi

Kazi ya kwanza hufanyika kabla ya gari kuonekana. Jina la Golf TSI peke yake halitoshi, kwa sababu chini ya jina hilo zipo familia mbili za injini zenye tabia tofauti.

Familia ya kwanza hujulikana kwa namba EA111. Ndiyo iliyofungwa kwenye Golf ya toleo la 6, katika ukubwa wa lita 1.2 na lita 1.4. Injini hizi huendesha valvu kwa cheni ya taimingi. Ugonjwa wake mkubwa ni cheni kurefuka na kikaza cheni kuchoka. Cheni ikiruka meno, valvu hugongana na pistoni na injini huharibika papo hapo.

Ndani ya familia hiyo ipo injini ya lita 1.4 yenye vipuliza hewa viwili, turbo na kingine kinachozungushwa na mkanda. Injini hiyo ilishinda tuzo ya kimataifa ya Injini Bora ya Mwaka mara mbili mfululizo, 2009 na 2010. Pamoja na sifa hiyo, baadaye ilipata jina baya kwa kula oili na kuvunjika kwa pistoni kwenye sehemu zinazoshika ringi. Majaji wa tuzo hutazama injini ikiwa mpya, ilhali mnunuzi wa gari lililotumika hutazama injini ileile miaka kumi na zaidi baadaye.

Familia ya pili ni EA211, ambayo ilifungwa kwenye Golf ya toleo la 7 iliyozinduliwa Ulaya mwaka 2012 na kuanza kuuzwa Japan mwaka 2013. Hapa kiwanda kiliachana na cheni na kurudi kwenye mkanda wa taimingi. Ugonjwa wa cheni ukaisha. Sehemu ya kuangalia ni pampu ya maji na nyumba ya themostati, ambazo huwa na tabia ya kuvuja.

Mnunuzi asitegemee mwaka wa gari pekee. Polo, kwa mfano, iliendelea na injini ya cheni hadi ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2014. Ushahidi ni herufi za injini. Volkswagen huziandika kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya buti, karibu na tairi la akiba, na kwenye kitabu cha huduma. CBZ ni lita 1.2 ya cheni, CAX ni lita 1.4 ya cheni yenye turbo moja, na CAV ni ile ya vipuliza viwili. CJZ ni lita 1.2 ya mkanda.

Soko nalo lina mchango wake. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo Golf ya toleo la 6 inayouzwa Nairobi imekwisha kutumika humo humo nchini. Tanzania haina katazo hilo, lakini gari lililozidi miaka 8 hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Gari la cheni linalouzwa na mtu mkononi mjini Dar es Salaam huenda limepita kwa wamiliki wawili au watatu wa hapa, na oili waliyotumia ni muhimu kuliko historia yake ya Japan.

Injini lazima iwe baridi

Mnunuzi apange kufika asubuhi na amwombe muuzaji asiwashe gari. Akifika, aweke mkono juu ya boneti. Ikiwa ni ya moto, ama arudi siku nyingine au aulize sababu. Wauzaji wengine hupasha injini mapema kwa nia njema tu ili gari liwake vizuri mbele ya mteja. Wengine wanajua wanachoficha.

Injini ya cheni ikiwa mbovu husema ukweli katika sekunde za kwanza baada ya kuwashwa, kabla shinikizo la oili halijafika kwenye kikaza cheni. Husikika mlio wa chuma kikavu, kama mnyororo unaotikiswa ndani ya debe, kutoka upande wa injini ulipo mkanda wa nje. Mlio huo ukidumu sekunde mbili au tatu kila asubuhi, cheni na kikaza chake vinahitaji kubadilishwa, na fedha hizo zitoke kwenye bei ya muuzaji. Ukiendelea hata injini ikipata moto, gari hilo lisiendeshwe kabisa, hata kwa majaribio.

Kisha injini iachwe iungurume mahali ilipo kwa dakika kumi. Isitetemeke wala kumisi. Mshale wa joto upande taratibu na kutulia katikati, na feni ifanye kazi yake inapohitajika.

Oili ndiyo shahidi mkuu

Kabla ya kuwasha, fundi achomoe kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa chini ya alama ya mwisho, injini ama inakula oili au ina mwenyewe asiyejali, na yote mawili ni hasara. Oili ikinuka petroli sana, injini imekuwa ikiendeshwa safari fupi bila kupata moto, au ina hitilafu ya uchomaji.

Kifuniko cha kujazia oili nacho kifunguliwe. Tope jeusi zito lililoganda ndani yake maana yake oili imekaa muda mrefu kupita kiasi. Utando wa rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yamechanganyika na oili. Utando huo ukiwa kidogo kwenye kifuniko tu, huenda ni unyevu wa safari fupi. Ukiwa umefika hadi kwenye kijiti cha kupimia, gasketi au kichwa cha injini vina matatizo.

Muuzaji aulizwe oili gani imetumika na lini ilibadilishwa mara ya mwisho. Injini hizi hutaka oili ya sintetiki yenye idhini ya kiwanda. Kwa Volkswagen ni namba 502.00 au 504.00, ambazo huandikwa nyuma ya kopo. Jibu la "oili ya kawaida tu" ni habari mbaya. Huko Ulaya kiwanda kiliruhusu baadhi ya injini hizi zifike hadi kilomita 30,000 au miaka miwili bila kubadilishwa oili. Kwa foleni, vumbi na joto la miji ya Afrika Mashariki, mpango huo haufai, na gari lililofuata mpango huo lichunguzwe zaidi.

Kuna ugonjwa mwingine wa injini ndogo za turbo: petroli kulipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake dereva anapokanyaga mafuta kwa nguvu wakati injini inazunguka taratibu. Mlipuko huo unaweza kupasua pistoni. Ndiyo sababu Taasisi ya Petroli ya Marekani (API) ilitoa daraja la oili la SN PLUS mwaka 2018 na SP mwaka 2020, yote yakiwa na kinga dhidi ya tatizo hilo. Mwenye gari ambalo kiwanda chake hakitaki idhini maalumu atazame herufi hizo kwenye kopo.

Moshi na maji

Moshi una lugha yake. Wa bluu ni oili inayoungua. Ukitoka baada ya gari kusimama likiunguruma dakika kadhaa kisha kukanyagwa, washukiwa ni mpira wa valvu au turbo; ukitoka mfululizo gari linapovuta, washukiwa ni ringi za pistoni. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikiwa ya moto, hasa ukiwa na harufu ya utamu, ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa, na kwenye gari la turbo mara nyingi huashiria hewa inayovuja kwenye mipira.

Chupa ya maji ya rejeta ikaguliwe injini ikiwa baridi. Volkswagen hutumia maji maalumu ya rangi ya waridi au zambarau. Chupa ikiwa na maji meupe ya bomba, kuna mtu aliyekuwa akiongeza maji, na aliyaongeza kwa sababu yalikuwa yanapungua. Fundi atafute alama kavu za uvujaji chini ya pampu.

Mpira mkubwa unaotoka kwenye turbo ufunguliwe pia. Unyevu kidogo wa oili ni wa kawaida. Oili inayotiririka maana yake turbo inavujisha. Pale ambapo mhimili wa turbo unaweza kufikiwa kwa kidole, uzungushwe: mchezo mdogo wa pembeni unaruhusiwa, lakini ukisogea mbele na nyuma, au mapanga yakigusa kuta, turbo imekwisha.

Kompyuta haidanganyi, ila hufutwa

Mashine ya kusomea kompyuta ya gari sasa inapatikana kwa mafundi wengi. Namba tatu ni za kutafutwa kwanza. P0016 husema mhimili mkuu na mhimili wa valvu havikubaliani, na kwenye injini ya cheni ni dalili ya cheni iliyorefuka. P0299 husema turbo haitoi hewa ya kutosha. Kwenye TSI za zamani mara nyingi ni mlango wa turbo uliokwama. P0300 hadi P0304 husema injini inamisi, na tarakimu ya mwisho hutaja silinda.

Muuzaji mjanja hufuta namba hizo asubuhi ya siku ya mauzo. Lakini hafuti alama zake. Kompyuta ya gari hujifanyia majaribio yake yenyewe na kuweka kumbukumbu. Ikifutwa, majaribio hayo husomeka kuwa hayajakamilika. Mashine nyingi huonyesha pia kilomita ambazo gari limetembea tangu kumbukumbu zifutwe. Gari ambalo kumbukumbu zake zimefutwa kilomita 4 zilizopita linahitaji maelezo mazuri sana.

Hatua ya mwisho ya gereji ni kupima mgandamizo wa kila silinda. Fundi hutoa plagi zote na kuweka geji. Linalotafutwa hasa ni usawa. Silinda tatu zikilingana na ya nne ikabaki nyuma sana, pistoni, ringi au valvu ya silinda hiyo ina kasoro. Kwa injini ya vipuliza viwili, kipimo hiki hakipaswi kurukwa. Mwenye yadi anayekikataa amejibu swali.

Barabarani

Safari ya majaribio isiwe ya kuzunguka yadi. Inahitajika barabara yenye mlima, kama kupanda Kimara katika Barabara ya Morogoro. Injini ikiwa ya moto, gari livute kutoka mwendo mdogo kwa kukanyaga mafuta taratibu hadi mwisho. Nguvu ije kwa mfululizo. Gari likisita, likijikata au taa ya injini ikiwaka, turbo, plagi au koili zinahusika. Mluzi mwembamba wa turbo ni wa kawaida; mlio kama king'ora unaopanda kadiri gari linavyovuta si wa kawaida.

Giaboksi nayo isisahauliwe, kwani Golf nyingi kutoka Japan zina giaboksi ya DSG ya gia 7 yenye klachi kavu. Mwaka 2013 Volkswagen iliita magari milioni 1.6 duniani ili kubadili oili ya giaboksi hizo, baada ya oili ya sintetiki kuleta hitilafu za umeme, hasa katika nchi zenye joto na unyevu. Gari likitetemeka linapoondoka kwenye foleni, au gia zikigoma baada ya giaboksi kupata moto, bei ishuke au mnunuzi aondoke.

Kilomita chache si dawa

Wanunuzi wengi hutangulia kutazama saa ya kilomita. Kwanza, saa hiyo huchezewa. Ilinganishwe na karatasi ya mnada na cheti cha kufutwa usajili cha Japan, ambacho huonyesha kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi. Pili, alama ya 4 au 4.5 kwenye karatasi ya mnada inahusu zaidi bodi na sehemu za ndani. Mkaguzi wa mnada hafungui injini. Tatu, gari la kilomita chache kwa miaka mingi huenda lilikuwa likienda sokoni na kurudi, injini bila kupata moto sawasawa. Golf ya kilomita 90,000 yenye kitabu cha huduma kilichojazwa inaweza kuwa salama kuliko ya kilomita 40,000 isiyo na kitabu.

Mkanda unaolowa oili

Wanaofikiria Ford za lita 1.0 EcoBoost au Peugeot za lita 1.2 PureTech wajue kwamba nyingi zina mkanda unaofanya kazi ndani ya oili. Ukizeeka, au oili isiyofaa ikitumika, mkanda huo hutoa vumbi la mpira linaloziba chujio la pampu ya oili, na injini hufa kwa kukosa oili. Ford iliita karibu magari 140,000 Marekani mwaka 2023 kwa sababu ya mkanda wa pampu ya oili. Mwaka 2024 kampuni ya Stellantis, inayomiliki Peugeot, iliongeza dhamana ya PureTech hadi miaka 10 au kilomita 175,000. Kwenye PureTech, mkanda huonekana kupitia tundu la kujazia oili. Ukiwa umepasuka au umevimba, lazima ubadilishwe. Dhamana hizo zilitolewa kwa masharti ya masoko yao. Mnunuzi wa Kinondoni au Ngong Road asizihesabu kuwa mali yake.

Kupanga bei

Baada ya ukaguzi, magari hugawanyika katika mafungu matatu. La kwanza ni gari safi: linawaka kimya likiwa baridi, oili yake ina historia, mgandamizo uko sawa na kumbukumbu za kompyuta ni kamili. Hilo linastahili bei ya juu kidogo, kwani litauzika haraka. La pili ni gari lenye kasoro inayopimika, kama cheni, pampu ya maji au plagi. Fundi aandike gharama, mnunuzi apate bei za vipuri Kariakoo au Ilala siku hiyohiyo, na jumla itolewe kwenye bei pamoja na nyongeza ya mambo yatakayogunduliwa injini ikifunguliwa. La tatu ni gari lenye maji ndani ya oili, silinda isiyolingana na nyingine au kumbukumbu zilizofutwa bila maelezo. Hilo liachwe hata likiwa la bei ya kutupa, isipokuwa kwa mwenye gereji anayelitaka kwa vipuri.

Fundi wa ukaguzi achaguliwe na mnunuzi, alipwe na mnunuzi, na asiwe rafiki wa dalali. Awe amekwisha kufungua injini ya aina hiyo, kwani fundi bingwa wa Toyota anaweza kusikia mlio wa cheni ya TSI na kuuita wa kawaida. Malipo ya awali yasitolewe kabla ya majibu yake, na makubaliano juu ya kasoro zilizoonekana yaandikwe na kusainiwa na pande zote mbili kabla ya kadi ya gari kubadilishwa jina.